Mabenchi Sita ya Mama Uwanja

Asubuhi ya mwisho waliyoishi kama watu wa kawaida, mke alimlalamikia mumewe juu ya vumbi la mbao kwenye sukari.

"Baba watoto, hii ni chai au gundi?"

"Kunywa tu. Itakushikilia meno."

Meno yenyewe yalikuwa yamebaki ya kuhesabu. Mke akacheka kwa pua, akaimwaga chai nje ya mlango, akajimiminia nyingine. Ilikuwa Jumanne. Alijifunga kitambaa cha kichwa, akavaa viatu vya raba, akatwaa ufagio wake wa mpini mrefu. Mpini huo mumewe alimrandia mwenyewe, kwa sababu mipini ya kazini ilimtoa malengelenge.

"Mchana pitia uyaone mabenchi," alisema akiwa mlangoni. "Wiki tatu sasa tangu yawekwe, na wewe hujatia mguu. Watu watadhani mume wangu nimemtunga."

"Nitapita."

Akaondoka. Mume hakumsindikiza hata kwa macho. Nani humtazama mtu anayekwenda kazini? Alikuwa na kiti cha kumalizia mguu, akainamia kiti chake.

Mume alikuwa seremala. Hakusoma. Alijifunza kazi kwa kumshikia mjomba wake mbao, na alipoachiwa randa hakuiweka chini kwa miaka arobaini na moja. Mke naye hakusoma sana. Alijua kuandika jina lake, akipewa nafasi ya kutosha na mtu asiyemharakisha. Alifagia uwanja wa hospitali ya mji miaka ishirini na miwili. Wauguzi walibadilika, waganga wakuu walihamishwa, yeye alikuwepo. Wakamwita Mama Uwanja. Jina likamkaa, hata wengine hawakujua kama ana jingine.

Uwanja ule uko mbele ya chumba cha wagonjwa wa nje. Ndipo ndugu wa wagonjwa wanaposubiri. Miaka yote hiyo walisubiri juu ya ukingo wa mfereji, juu ya mawe, juu ya mabegi yao, watu wazima wamewekwa chini kama mizigo. Mama Uwanja aliwajua kwa takataka zao. Aliyesubiri mtoto kuzaliwa aliacha maganda ya machungwa. Aliyesubiri habari mbaya aliacha vijiti vya kiberiti vilivyovunjwavunjwa, na hata kimoja hakikuwashwa. Jioni alimwambia mumewe, "Leo kulikuwa na wa vijiti watatu." Mume akaelewa.

Basi siku iliposemwa kwamba uwanja utawekewa mabenchi, alirudi nyumbani anatembea kama msichana.

Mabenchi hayo yalikuwa ya plastiki iliyokwisha tupwa. Karibu na jalala palikuwa na karakana, na ndani yake fundi mmoja mwenye mikono iliyojaa makovu ya moto. Aliyeyusha vizibo vya chupa, madumu, ndoo zilizopasuka, akavimimina, vikatoka mbao ndefu zisizooza wala kuliwa na mchwa. Akaleta mabenchi matatu ya mfano, yakapangwa uwanjani wiki nzima ili wakubwa wachague. Muuguzi mkuu akasema, "Kabla hatujachagua, aulizwe Mama Uwanja. Sisi tunapita pale. Yeye anaishi pale."

Wakubwa walikwisha lipenda la kwanza. Lilikuwa la kahawia iliyoiva, linang'aa, limechorwa michirizi, ungeapa limetoka msituni. La pili lilikuwa la kijivu, mviringo, halina mgongo, la kisasa. La tatu lilikuwa jeupe lisilo jeupe sana, lina madoadoa ya kila rangi, kama kanga aliyeingia dukani kwa muuza rangi. Lilikuwa na mgongo, na mikono ya kushikia.

Siku ya kwanza Mama Uwanja hakusema kitu. Saa saba mchana, jua likiwa utosini, aliweka kiganja juu ya lile la kahawia. Akakitoa mbio kama aliyeshika sufuria. Akalimwagia kila benchi ndoo ya maji, akasimama kuangalia maji yanatuama wapi. Akamwita mzee mmoja wa magongo, akamkalisha kwenye kila moja na kumwambia ainuke bila kusaidiwa. Kwenye la kijivu mzee alikwama. "Hapa mnizike tu," alisema. Kwenye la madoadoa alishika ile mikono, akainuka mwenyewe, akaomba arudie.

Mbele ya kamati Mama Uwanja akasema, "La kahawia ni zuri kwa anayepita. Anayekaa litamchoma. La kijivu ni la watu wenye magoti yao. Mimi nataka la madoadoa."

Msimamizi wa majengo alikuwa mtu mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni. "Lakini mama," alisema, "yale madoa si yanaumiza macho?"

"Bwana mkubwa, umewahi kusubiri mtu wako humu ndani?"

"Bado, namshukuru Mungu."

"Anayesubiri haangalii mbali. Anaangalia chini, kando ya magoti yake. Ukimpa ubao wa rangi moja, ataona pale yale anayoyaogopa. Mpe madoadoa, atasema hili jekundu, hili la kijani, hili lilikuwa kizibo cha nini. Dakika zitapita."

Wakaandika. Akatia saini, taratibu, muuguzi mkuu amemshikia karatasi.

Kasoro ilikuwa moja. Benchi la madoadoa lilikuwa na mguu wa tatu, katikati, mnene na wa pembe nne. Ulimkera. "Ufagio utagonga hapa. Uchafu utajificha hapa. Tena unalifanya benchi lionekane lina mimba." Fundi wa plastiki akasema mguu ule una kazi yake. Ndipo Mama Uwanja aliposema, "Ngojeni nimwite mume wangu. Ni seremala."

Seremala akaja, tepu mfukoni, kalamu ya risasi sikioni. Akagonga ubao kwa kifundo cha kidole. Akapima unene. Inchi mbili kamili.

"Unene huu," alisema, "miguu miwili inabeba ng'ombe na mchungaji wake."

"Mzee, hii si mti," fundi wa plastiki akamwambia. "Hii ikipata jua na uzito, inalala."

"Inalala?"

"Inalala. Kidogo kidogo. Na ikilala haiamki."

"Basi usisahau kuiwekea mto."

Watu wakacheka. Msimamizi alicheka mpaka funguo zikalia. Mama Uwanja alicheka pia, alikuwa anajivunia mtu wake. Fundi akainama, akaokota spana yake. "Nitafanya mnavyotaka," alisema. "Ila mmenisikia." Na seremala, kwa kuwa siku hiyo alikuwa na watu wa kumsikiliza, akaongeza: bolti zikazwe mpaka mwisho, hataki kusikia benchi linacheza.

Hivyo ndivyo yalivyotengenezwa. Sita. Miguu miwili kila moja, mmoja mwisho huu na mmoja mwisho ule, na futi sita za katikati chini yake hakuna kitu. Maneno yalikuwa ya mume. Jina kwenye karatasi lilikuwa la mke.

Jumanne hiyo alipita, kama alivyoahidi, saa saba mchana. Mkewe alikuwa upande wa pili, anafagia mbele ya wodi ya wazazi. Mabenchi yalikuwa mazuri, hilo halikuwa na ubishi. Watu wamekaa, migongo imeegemea, mtoto mmoja analamba mkono wa benchi kama peremende. Seremala alisimama akafurahi, kama pumzi tatu hivi. Kisha jicho lake likafanya kile ambacho lilifanya miaka arobaini na moja bila kuombwa. Likafuata mstari.

Mstari haukunyooka.

Akatoa uzi mfukoni. Benchi la tatu, lile lisilopata kivuli hata kidogo, lilikuwa tupu. Akafunga uzi mwisho huu, akauvuta mpaka mwisho ule, akapitisha kidole katikati, kati ya uzi na ubao. Kidole kilipita. Akainama kuangalia bolti. Pale plastiki ilipobanwa palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama unywele.

Mti ukitaka kuvunjika hulia kwanza, humwambia fundi wake. Kitu hiki kilikuwa kimya.

"Umeyaonaje?" mkewe akauliza nyuma yake.

Akauficha uzi. "Mazuri."

"Mazuri tu?"

"Mazuri sana."

"Haya. Leo maneno umeyaacha nyumbani. Nenda kamalizie kiti chako."

Angesema palepale. Ulimi alikuwa nao. Lakini akajiambia huenda ni joto tu, jioni benchi litanyooka. Kesho yake aliwahi alfajiri, kabla ya zamu ya mkewe, umande bado uko juu ya mabenchi. Akavuta uzi. Halikunyooka. Lilikuwa limelala, kama alivyoambiwa, na halikuamka.

Kuanzia hapo hofu ikahamia nyumbani kwake. Chakula kilimshinda. Usingizi ulimpaa. Alilala ubavu akimsikiliza mkewe anavyopumua, kifua kinapiga filimbi kidogo, kama ilivyokuwa kawaida yake siku hizo. "Ni baridi tu," mkewe alikuwa akisema. Mume hakuifikiria ile filimbi. Alifikiria futi sita za katikati. Alimwogopa mtu asiyemjua: mwanamke mjamzito, au yule mzee wa magongo, anajikalia zake saa nane mchana. Aliogopa sauti ya bolti. Aliogopa siku watakayomwita mkewe na kumwonyesha ile saini aliyoiandika taratibu. Na hili hakulisema hata moyoni mwake: aliogopa uso wa mkewe atakapojua.

Akafanya jambo la kitoto. Kila siku saa sita alikwenda uwanjani, akakaa kwenye ukingo wa mfereji kuyakabili mabenchi, akawa askari wa katikati.

"Mama, sogea pembeni kidogo. Katikati pana rangi mbichi."

"Rangi gani, babu? Mbona imekauka?"

"Imekauka juu."

Siku nyingine alisema pana siafu. Siku nyingine alisema pana mtu wake, amekwenda msalani. Mwanamume mmoja mnene akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Mzee, mbona wembamba huwafukuzi?" Seremala akaangalia viatu vyake.

Mlinzi wa lango ndiye aliyefaidi. "Shikamoo mzee. Leo katikati pana nini? Chatu?"

"Marahaba. Leo pana jua."

"Hebu niambie ukweli. Unamsaidia bibi au unamchunga?"

"Namchunga."

"Kwa umri huu? Nani atamwiba?"

"Wewe mwenyewe sikuamini."

Mlinzi akacheka mpaka akafuta machozi. Seremala akacheka naye, na mgongo wote umelowa jasho.

Mkewe aliona. "Siku hizi umeipenda hospitali," alimwambia. "Unaumwa unanificha?"

"Siumwi."

"Ukiumwa useme. Hapa ndipo penyewe."

Siku ya nne vidole viwili vilipita chini ya uzi. Siku ya sita benchi la kwanza na la tano nayo yakaanza kufuata. Siku ya saba ule mstari mweupe kwenye bolti ya benchi la tatu ulikuwa umetoa matawi. Siku ya nane vilipita vidole vitatu.

Siku hiyo ya nane alikata kigogo. Alichagua mti mgumu aliokuwa ameuweka kwa kazi ya maana, akaukata urefu wa kutoka chini hadi kwenye tumbo la benchi, akaupitisha randa. Jioni, wagonjwa wa nje walipokwisha kuondoka na mkewe yuko njiani kurudi, aliuingiza uwanjani chini ya koti. Akautia chini ya benchi la tatu, katikati, akaugonga kwa kiganja mpaka ukakaa. Kesho angekata vingine vitano. Hakuna ambaye angejua. Usiku ule alikula sahani nzima, mkewe akamshangaa.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, alisikia hatua za mkewe nje.

Mama Uwanja hakuwahi kurudi nyumbani saa nne asubuhi, hata siku aliyofiwa na dada yake. Seremala alikuwa anapima kigogo cha pili. Hakupata pa kukiweka. Akabaki nacho mkononi.

Mkewe akaingia na ufagio wake. Akakitazama kigogo.

"Basi hata sina haja ya kuuliza," alisema.

"Kuuliza nini?"

"Baba watoto, mimi nafagia. Chini ya yale mabenchi hakuna kitu kinachokaa nisikijue. Nimekuta kigogo, nikasema cha nani hiki? Nikakishika. Kimeuliwa kona zote nne. Nani mwingine katika mji huu anaua kona za kigogo cha kuficha?"

Miaka yote seremala hakuweza kuacha kona kali juu ya mti, hata mti ambao hakuna jicho litakaloufikia. Mkono ulikuwa umezoea.

Akamwambia. Hayakuwa maneno mengi, kwa kitu kilichomkesha siku zote hizo. Linalala. Bolti zinapasua. Fundi alisema kweli.

"Umejua lini?"

"Jumanne ile."

"Jumanne ipi?"

"Uliponiambia nipite."

Mkewe akahesabu kwa vidole, midomo inacheza bila sauti. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Vaa viatu," alisema.

Njiani mume aliuliza, "Tutasemaje?"

"Wewe hutasema kitu. Saini ni yangu."

Alitembea mbele, haraka, akasimama mara mbili kushika kifua na kuvuta pumzi. Mume alidhani ni hasira.

Msimamizi wa majengo alikuwa anakunywa chai ofisini. Mama Uwanja hakukaa. "Bwana mkubwa, mabenchi yote sita yafungwe sasa hivi. Nimekosea. Yatamwangusha mtu."

"Umekosea nini, mama? Mbona watu wanayasifu?"

"Mguu wa katikati. Niliukataa mimi."

Seremala alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Aliambiwa anyamaze, na kunyamaza alikujua vizuri, alikuwa ametoka kufanya kazi hiyo siku tisa. Akaona msimamizi anavuta karatasi na kuchukua kalamu.

"Ni mimi," akasema. Sauti haikutoka. Akajikaza kisabuni, akarudia. "Ni mimi. Fundi alisema, nikamfanyia mzaha mbele za watu. Huyu alinisikiliza kwa kuwa ni mumewe. Halafu nikajua, nikanyamaza siku tisa."

Msimamizi akamtazama huyu, akamtazama yule. "Sasa nimwandike nani? Wenzenu wanagombea viti, nyinyi mnagombea kosa."

"Andika utakavyo," Mama Uwanja akasema. "Kwanza twende tukawainue watu."

Kwenye benchi la tatu walikuwa wamekaa watano, wa nyumba moja kwa sura zao. Katikati alikuwa mama mnene mwenye mguu uliofungwa bandeji, na kando yake binti amempakata mtoto. Kigogo kilikuwa kimelala ubavu mbali kidogo. Mtu alikipiga teke bila kukijua. Ubao ulikuwa umebonyea hivi kwamba seremala hakuhitaji uzi. Alitaka kupiga ukelele, mkewe akamshika mkono.

"Ukiwashtua watainuka pamoja," akamnong'oneza. Kisha akawaendea polepole, na ufagio wake, kama anayetaka tu kupitisha ufagio miguuni mwao. "Jamani samahanini. Naomba tuinuke, mmoja mmoja. Wewe mwenye mtoto kwanza. Hivyo hivyo. Sasa mama wa katikati, shika bega langu, taratibu. Nyinyi wa pembeni tulieni."

"Hata kuinuka kuna foleni?" akauliza mwanamume aliyekaa mwisho.

"Kuna foleni. Na wewe kwa maneno yako utakuwa wa mwisho."

Mama wa bandeji akamwegemea, akainuka kwa kuguna. Wakafuata wengine wawili. Mwanamume wa mwisho alikuwa anacheka bado alipojisukuma kuinuka, na hapo bolti ikasema tak, kama kifundo cha kidole. Ubao ukashuka mwisho mmoja na kugonga chini. Yeye alijikuta amesimama. Akageuka, akapatazama pale alipokuwa amekaa, na kicheko hakikuwepo tena.

Seremala akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Mabenchi yakafungwa kamba. Yalikaa hivyo siku kumi na sita. Watu wakarudi kwenye ukingo wa mfereji, wakawa wanayatazama kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani. Mama Uwanja alifagia katikati yao na kusikia yote. "Ndiye huyo aliyechagua urembo." "Mfagiaji umpe kuchagua, utapata nini?" Barua ya onyo iliandikwa kwa jina lake. Muuguzi mkuu akamsomea; Mama Uwanja akaikunja, akaitia kifuani, akaendelea kufagia.

Fundi wa plastiki akaja na vyombo vyake. Akamkuta seremala anamsubiri langoni.

"Imelala, mzee?"

"Imelala."

Alikuwa na haki ya kuongeza, hakuongeza. "Nishikie hapa," alisema, na seremala akashika. Siku nne alimshikia mbao mtu ambaye yeye mwenyewe alimfanyia mzaha mbele za watu, kama alivyomshikia mjomba wake zamani. Akajifunza kwamba tundu la bolti kwenye plastiki hutobolewa refu, kwa sababu plastiki hutanuka mchana na kujikunja usiku. Akajifunza kwamba bolti huachwa na nafasi ya kupumua. Mguu wa katikati ukarudi kila benchi. Alitoa rai moja tu, tena kwa kuomba: mguu huo uwe wa mviringo, ufagio uzunguke bila kukwama. Fundi akafikiri, akasema hilo linawezekana.

Nyumbani, juu ya mabenchi mkewe hakumwambia neno. Si kwamba alinuna. Alimwekea chai, alimwuliza kama viatu vyake vimekauka, alimwambia bei ya sabuni imekuwaje. Lakini hilo alilipita kando kama shimo barabarani. Mume aliogopa zaidi. Kukaripiwa alikuzoea. Huku hakukuzoea, akawa anatembea nyumbani mwake kama mgeni aliyevunja kikombe.

Mke alikufa mwezi wa nne baada ya hapo. Moyo. Ile filimbi ya kifuani haikuwa baridi. Alipelekwa hospitali ileile, na mumewe akaambiwa asubiri nje. Akakaa kwenye benchi la tatu tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa. Aliangalia chini, kando ya magoti yake. Hili jekundu. Hili la kijani. Dakika zilipita, kama mkewe alivyowaambia wakubwa. Zilipita zote. Benchi halikusogea hata unywele. Aliyetoka kumwambia alikuwa muuguzi mkuu mwenyewe, na hakuanza na salamu.

Siku hizi mume anaogopa, na hakuna kitu ambacho angekionyesha kwa kidole akasema ni hiki. Bati likilia kwa jua, anaogopa. Akisikia hatua nje saa nne asubuhi anaogopa, kisha zinapita, anaogopa zaidi. Binti yao anamwambia ahamie kwake. Anasema atafikiri. Sukari sasa haina vumbi, kwa sababu randa hajaigusa.

Anachokishika moyoni ni alasiri ile kamba zilipokatwa. Watu walijaa mabenchini kabla fundi hajakusanya spana zake. Mkewe alimaliza zamu, akaja akaketi kwenye benchi la tatu, akamwita kwa kichwa. Mume akaketi ukingoni kabisa, nusu tako. Mke akamvuta kwa mkono wa shati mpaka pale katikati. Wakakaa. Ubao ulikuwa na uvuguvugu wa jua, haukuchoma. Mama Uwanja alikuwa anasugua doa moja la buluu kwa kidole gumba.

"Sema basi," mume akamwambia. "Hata kama ni kunitukana, nitukane."

Mkewe hakumtazama. Alikuwa anawatazama watu waliokaa. Alisema hivi, na mume hajaongeza wala kupunguza:

"La mguu nilikusamehe siku ileile, hata mimi nilicheka. Lakini siku tisa umeniacha nafagia chini ya watu sijui kitu, na wewe kitandani unageuka peke yako. Usinifanyie tena, baba watoto. Ukiogopa, niamshe."